Maneno Mawili ya Mvua Yaliyonigharimu Jirani na Kazi

Nilifika Cincinnati, katika jimbo la Ohio, mwezi Januari 2017, pamoja na mume wangu, mtoto wetu wa miaka minne na Kiingereza nilichokiamini. Nilikuwa nimesoma Tanga hadi kidato cha sita, kisha nikakaa miaka mitatu mapokezi katika hoteli ndogo iliyokuwa ikipata wageni wa Ulaya, kwa hiyo tulipopata viza kwa ile bahati nasibu ya Marekani, lugha haikuwa miongoni mwa mambo yaliyoninyima usingizi. Niliogopa baridi na niliogopa kodi ya nyumba. Sikujua kwamba nitakwaa kisiki cha maneno mawili, "rain check", ambayo kila neno lake nililijua tangu darasa la saba.

Nasimulia kwa urefu kwa sababu kila mwaka naona wenzetu wakifika na kukwaa palepale, wengine bila kutambua ni nini kilichowaangusha. Mimi nahau hiyo ilinipotezea chakula cha sikukuu, nafasi ya kazi, na karibu mwaka mzima wa ujirani na mama ambaye hakuwa amenikosea kitu.

Tulipanga nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya pili ya jengo la matofali mekundu. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mama wa Kimarekani aliyevuka miaka sitini, anayeishi peke yake. Wiki yetu ya kwanza alitugongea akiwa na blanketi mbili na koleo la kuzolea theluji, akatuonyesha namna ya kuacha bomba la maji likidondoka kidogo ili lisigande usiku. Kwetu mtu wa namna hiyo hawi jirani tu, huwa ndugu. Nikajiwekea nia kwamba siku nitakayopika chakula cha maana, yeye ndiye mgeni wangu wa kwanza.

Siku hiyo ilikuwa Idi. Mwaka ule Idi el-Fitri iliangukia Jumapili, tarehe 25 Juni, nayo ilikuwa Idi yangu ya kwanza kuwa mbali na mama yangu. Alhamisi yake nilimkuta jirani kwenye ngazi, nikamwalika yeye, binti yake na wajukuu wake wawili waliokuwa na kawaida ya kumtembelea Jumapili. Aliweka mkono kwenye mkono wangu, akaniambia kwamba nina moyo mwema, halafu akauliza, "Can I take a rain check?"

Niliichambua sentensi ile kwa kasi niliyoweza. "Rain" ni mvua. "Check" ni lile neno ambalo sisi tumelikopa tukalifanya kucheki: tunacheki mpira, tunacheki afya, tunacheki kama gari limefika. Basi nikaelewa kwamba anataka kwanza kuangalia kama mvua itanyesha, jambo ambalo kwa mtu wa umri wake niliona lina busara. Nikatoa simu, nikafungua utabiri wa hali ya hewa mbele ya macho yake, nikamwambia kwamba Jumapili hakuna mvua hata tone. Akacheka sana, akanipigapiga begani na kuingia kwake. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba aliona nimemjibu kwa utani mzuri. Mimi nilirudi ndani nikamwambia mume wangu kwamba wageni wanakuja.

Jumamosi usiku nililoweka mchele, nikasaga kitunguu saumu na tangawizi, nikapanga iliki, karafuu, mdalasini na bizari nzima kwenye sahani kama alivyokuwa akifanya mama. Nilinunua nyama ratili sita, viazi, nyanya, pilipili, tambi za asubuhi na juisi ya maembe ya makopo. Risiti ilisomeka dola 86. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi ya usaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee kwa dola 12.50 kwa saa, na kwa hesabu hiyo, kodi ikishakatwa, dola 86 ni siku nzima ya kuwageuza watu vitandani.

Saa nane mchana meza ilikuwa tayari. Ilipofika saa tisa nilifunika pilau kwa taulo safi lisipoe. Saa kumi nilichungulia dirishani, nikaona nafasi ya gari lake ni tupu, na juu hapakuwa na wingu hata moja. Saa kumi na moja mume wangu akaniambia kwa upole, "Mke wangu, mpakulie mtoto ale." Nilimpakulia, kisha nikasimama mbele ya sinki na kulia, nikiwa nimefungua maji ili mtoto asinisikie. Kilichoniliza zaidi ya fedha ni kule kudhani kwamba mtu alikuwa amenitazama usoni, akaniahidi kuja, na akaniacha nikiwa na sufuria la watu saba siku ya Idi.

Hapa kuna somo ambalo sasa humwambia kila mgeni kabla hata sijamweleza nahau yenyewe. Katika nchi hii mtu anayekuja kula kwako husema ndiyo, kisha huuliza saa ngapi na aje na nini. Kama husikii ndiyo na husikii saa, usiwashe jiko kwa ajili yake, hata kama ameonyesha furaha ya namna gani. Furaha ile ni ya kweli, lakini haimaanishi kwamba amekubali.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumamosi, mlango uligongwa. Alikuwa jirani, ameshika kwa mikono miwili pai ya pichi iliyofunikwa kwa karatasi ya jikoni ile ya kung'aa, na pai ilikuwa bado na moto kiasi kwamba matone ya mvuke yalionekana yakitiririka ukingoni mwa karatasi hiyo. Alikuwa amevaa vizuri. Akasema amekuja kwa habari ya ile "rain check" yake, na kama leo nina nafasi.

Hasira ilikuwa bado haijanitoka, na safari hii akili yangu ilikamata maana nyingine ya neno lilelile. Wiki ile nilikuwa nimejifunza kuandika hundi ya kulipia kodi ya nyumba, na Wamarekani hundi pia huiita "check", wakiiandika kwa herufi tofauti na zile tulizofundishwa shuleni kwa mtindo wa Kiingereza cha Uingereza. Nikaamini anadai hundi. Nikadhani labda blanketi zile zilikuwa za kuuza na mimi sikuelewa. Nikamjibu, kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia, kwamba sina hundi na kwamba leo nina shughuli. Aliduwaa kidogo. Kisha akaniwekea pai mikononi, akasema haina neno, akarudi kwake, na nikasikia komeo la mlango wake likifungwa taratibu.

Tangu hapo tulisalimiana kwa kutikisa kichwa.

Mtu wa kwanza kunifumbua macho, japo nusu, alikuwa mama mmoja mwenye asili ya Bukavu tuliyekuwa tukifanya naye zamu ya usiku. Alikuwa ametangulia kufika Marekani kwa miaka kumi. Mimi humwamkia shikamoo naye huniita mwanangu, na Kiswahili chake cha Kongo na changu cha Mrima vilituliza mioyo yetu wote wawili nyakati za saa tisa za usiku. Nilipomweleza habari ya Idi alisikitika, akaniambia: "Mwanangu, yule hakukuahidi. Hiyo ni njia yao ya kukataa bila kukuumiza. Wakisema hivyo, jua leo hawaji."

Alikuwa amesema kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli, nami nikaichukua kana kwamba ndiyo yote. Nilichokielewa ni vitu viwili, na vyote vikanidhuru. Cha kwanza ni kwamba jirani alikuwa amenikataa kwa maneno ya mzunguko, nikazidi kujitenga naye. Cha pili ni kwamba sasa nina silaha ya adabu, maneno laini ya kuahirishia jambo lolote ambalo siku yake hainifai.

Mwanzoni silaha hiyo ilifanya kazi. Wenzangu kazini waliponiita tukanywe kahawa baada ya zamu, nami nikiwa na haraka ya kumpokea mtoto, nilisema nitachukua "rain check", nao wakatabasamu na kusema bila shaka. Nilijisikia nimekuwa mwenyeji. Mtu akishajifunza maneno ya mtaani huwa na hamu ya kuyatumia kila mahali, na hamu hiyo ndiyo ninayowaonya nayo wengine, kwa sababu sikio la mgeni halisikii tofauti ya mahali ambapo neno linafaa na mahali ambapo linavunja heshima.

Mwezi Februari 2018 ilitangazwa nafasi ya kupanga zamu za wafanyakazi katika tawi jingine la mwajiri wangu. Mshahara wake ulikuwa dola 16 kwa saa, kazi ya mchana, ya kukaa mezani. Niliomba, nikaitwa kwenye usaili siku ya Jumatano saa tatu asubuhi. Asubuhi hiyohiyo mtoto wangu alikuwa na miadi ya daktari wa masikio ambayo tulikuwa tumeisubiri kwa miezi miwili. Niliandika barua pepe fupi, nikashukuru kwa kuitwa, kisha nikaandika kwa Kiingereza kwamba ningependa kuchukua "rain check" kwa usaili ule. Niliisoma mara mbili kabla ya kuituma, nikaona imekaa vizuri, ina upole na haina kiburi.

Jibu lilikuja mchana uleule: asante kwa kutujulisha, tunakutakia kila la heri. Niliridhika. Nikasubiri wanipangie siku nyingine. Siku tisa baadaye nikasikia kazini kwamba nafasi imepata mtu.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu, mama wa Kimarekani mwenye maneno machache ambaye hakuwahi kunificha kitu, nikamwonyesha barua pepe yangu kwenye simu. Aliisoma, akavua miwani, akanieleza kwamba aliyeipokea amenielewa kwamba najitoa. Sikuwa nimetaja sababu, sikuwa nimependekeza siku nyingine, na nilikuwa nimetumia maneno ambayo mtu huyatumia anapoalikwa chakula au sinema, maneno yanayosema kwamba jambo ulilonialika ni la kufurahisha lakini si la lazima. Kwa usaili, akasema, unaandika wazi kwamba una udhuru wa mtoto, unaomba kubadilishiwa siku, na unataja siku mbili au tatu ambazo unaweza. Hakuna mwajiri mwenye akili anayemnyima mtu hilo.

Nilipiga hesabu nikiwa kwenye basi. Dola tatu na nusu kwa saa, saa 40 kwa wiki, ni dola 140 kila wiki, na kwa mwaka mzima ni dola 7,280. Sisemi kwamba kazi ilikuwa yangu, kwa sababu usaili ni usaili. Nasema kwamba sikupata hata nafasi ya kukosa.

Kwa hiyo kama unasoma haya na unataka kanuni ya kuishika leo, shika hii. Nahau hii ni ya mialiko ya hiari baina ya watu walio sawa: chakula, kahawa, matembezi, mchezo. Usiitumie kwa usaili, kwa miadi ya hospitali, kwa mahakama, kwa ofisi ya uhamiaji, kwa mwalimu wa mtoto aliyekuita shuleni. Usiitumie kwa harusi, kwa sababu harusi haitarudiwa kwa ajili yako, wala kwa msiba. Mahali pote hapo Kiingereza cha darasani, kile tulichokidharau tulipofika, ndicho chenye heshima: siwezi kuja siku hiyo kwa sababu fulani, naomba nije Jumatatu au Jumatano.

Maana kamili ya nahau nilikuja kuipatia dukani, mwezi Aprili. Duka kubwa la jirani lilikuwa limetangaza mafuta ya kupikia kwa bei ya ofa, na nilipofika rafu ilikuwa tupu. Nilimuuliza keshia kama yataletwa mengine kabla ofa haijaisha. Akasema hajui, lakini anaweza kunipa "rain check". Nilihisi mwili unasisimka. Akafungua droo, akatoa kijitabu cha karatasi za manjano, akaandika kwa kalamu jina la mafuta, bei ya ofa, chupa mbili, na tarehe ya mwisho, siku 30 mbele. Akatia sahihi, akaichana na kunipa. Akaniambia mafuta yakija nirudi na karatasi hii, nitauziwa kwa bei ileile hata kama ofa imeshakwisha.

Nilisimama nje ya duka nikiishika karatasi ile. Hapakuwa na mvua, hapakuwa na hundi, na hapakuwa na kukataliwa. Ilikuwa ahadi yenye tarehe, nayo ilikuwa mkononi mwangu mimi mnunuzi.

Niliporudi kazini nilimwonyesha msimamizi, nikamuuliza mvua inaingiaje. Alicheka, akasema hilo siwezi kulielewa vizuri mpaka niende uwanjani. Mwezi Juni alitukusanya watu sita tukaenda kutazama besiboli kwenye uwanja ulio ukingoni mwa Mto Ohio, ambapo ukikaa viti vya juu unaliona jimbo la Kentucky ng'ambo. Watu wa Cincinnati hujivunia sana mchezo huu, kwa kuwa timu yao ya mwaka 1869 ndiyo iliyokuwa ya kwanza Marekani kuwalipa waziwazi wachezaji wake wote. Mimi nilikuwa nikiuona kwa mara ya kwanza. Una vipindi tisa, na katika kila kipindi timu hupokezana kupiga mpira.

Kipindi cha tatu mbingu ilibadilika rangi. Waamuzi wakasimamisha mchezo, na mara vijana zaidi ya kumi wakatoka mbio wakikokota turubai kubwa kuliko nyumba yetu, wakalitandaza juu ya udongo wa uwanja kabla matone mazito hayajaanza. Tulijibanza chini ya paa, maji yakimwagika mbele yetu kama pazia, na hapo ndipo msimamizi alipotoa kwenye pochi yake kipande cha tiketi ya zamani, kilichovishwa plastiki kisiharibike. Kilikuwa cha baba yake, cha miaka ya 1960, kutoka Crosley Field, uwanja ambao timu iliuacha mwaka 1970. Upande mmoja ulikuwa umechanika kwa meno madogo, pale mlinzi wa mlango alipokata nusu yake. Kwenye nusu iliyobaki, kwa herufi kubwa zilizofifia, paliandikwa: RAIN CHECK.

Akanieleza, nami nikakaza masikio kuliko nilivyowahi kukaza darasani. Tangu miaka ya 1880 viwanja vya besiboli vilianza kuwapa watazamaji kipande cha namna hiyo. Ulipoingia, mlinzi alichana tiketi, wewe ukabaki na kipande chako. Mvua ilipovunja mchezo mapema, kabla ya kukamilika vipindi vitano, au vinne na nusu ikiwa wenyeji wanaongoza, mchezo haukuhesabiwa, na kile kipande kilikuingiza siku nyingine bila kulipa tena. Neno "check" hapo si kukagua wala hundi. Ni kipande cha kudaia haki yako, kama kile kibati chenye namba unachopewa unapoacha koti lako mlangoni kwenye kumbi wakati wa baridi, ambacho nacho hukiita "check". Kutoka uwanjani maneno yakahamia madukani na vinywani mwa watu wote, hata wale ambao hawajawahi kutazama besiboli.

Nilimuuliza swali moja tu. Je, mchezo ukivunjika, uwanja hupiga simu nyumbani kwa mtu kumwambia aje? Akasema hapana. Mwenye kipande ndiye anayerudi mwenyewe, akiwa nacho mkononi.

Sikumbuki timu gani ilishinda jioni ile. Nakumbuka kwamba ilinijia akilini picha ya jirani yangu mlangoni, amevaa vizuri, ameshika pai ya moto, akisema amekuja kwa habari ya "rain check" yake. Alikuwa amerudi na kipande chake. Alikuwa amefanya kitu chenyewe ambacho maneno yale yanadai, kitu ambacho wengi wanaoyasema hawakifanyi, nami nilikuwa nimemwambia sina hundi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiandika daftari. Kila nikisikia nahau, siandiki maana yake tu kama tulivyozoea shuleni; naandika nani aliisema, kwa nani, mahali gani, na nini kilitokea baadaye. Sitamki nahau mpya mpaka niwe nimeisikia kwa watu watatu tofauti. Kwa njia hiyo nimeweza kuona ukweli wa "rain check" ambao kamusi haikunipa, nao ni kwamba maneno hayo hubeba mizigo miwili tofauti, na anayesikia hutambua mzigo upi kwa kitakachofuata. Mtu akisema maneno hayo kisha akaongeza papo hapo kwamba wiki ijayo ana nafasi Alhamisi, au akakutafuta mwenyewe baada ya siku chache, ameahirisha kwa dhati. Akisema tu na kunyamaza, mara nyingi amekataa kwa upole, na hapo adabu ni kumkumbusha mara moja, kisha kumwacha. Nimemwona mwenzetu mmoja akimkumbusha Mmarekani mara nne, mpaka yule mtu akaanza kumkwepa kwenye korido.

Na ukiyasema wewe, jua kwamba kipande kiko mfukoni mwako, na mwalikaji hana wajibu wa kukualika tena. Mimi sasa siyasemi bila kutaja siku.

Kuhusu namna ya kuyatumia: anayealikwa "huchukua" na mwalikaji anaweza "kutoa", na katika ujumbe wa simu vijana huandika maneno hayo mawili peke yake na alama ya kuuliza. Binamu yangu anayeishi Leicester, Uingereza, ananiambia kwake huyasikia kwa nadra na huyaona ya Kimarekani, kwa hiyo ukihamia upande ule usishangae ukitumia ukaulizwa maana.

Nilipoyaelewa haya niliona aibu ya pili, maana sisi wenyewe tuna maneno ya namna hiyohiyo na hatuyaoni. Ukipita mtu anakula Tanga atakuambia, "Karibu chakula." Nawe unajibu, "Asante, starehe," na unapita. Hakuna aliyedanganya. Aliyekaribisha angefurahi kweli kama ungekaa, na wewe umempa heshima yake bila kumpunguzia sahani. Lakini mgeni asiyejua, akivuta kiti na kukaa, au akaona amepuuzwa kwa sababu hakushikwa mkono, tutamlaumu kwa lipi? Msimamizi wangu alipokuwa na mpango wa kwenda Zanzibar, hilo ndilo jambo la kwanza nililomfundisha, pamoja na "inshallah", ambayo kwa mtu mmoja ni ahadi mbele ya Mungu na kwa mwingine ni mlango wa kutokea.

Asubuhi baada ya mchezo nilioka mkate wa mchele, nikaufunga kwenye taulo, nikagonga mlango wa jirani. Alifungua kwa tahadhari. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi ili yasinipotee, nikamsomea: kwamba mwaka jana sikujua maana ya alichoniambia, kwamba niliangalia mvua kwa sababu nilidhani anaogopa mvua, kwamba nilipika na kumsubiri, na kwamba alipokuja na pai nilidhani anadai fedha. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono mdomoni. Kisha akaniambia kwamba Jumapili ile ya Idi alikuwa katika mji wa Dayton, kando ya kitanda cha dada yake aliyekuwa mgonjwa, na kwamba kwenye ngazi hakutaka kuniharibia sikukuu kwa habari za ugonjwa. Dada yake alifariki mwezi Septemba. Miezi yote ile, nikipita na kutikisa kichwa, alikuwa katika msiba mlango mmoja kutoka kwangu, na sikumpelekea hata chai.

Nilimpa pole kwa kuchelewa. Nilimwomba aje Jumamosi tarehe 7 Julai, saa nane mchana. Aliuliza aje na nini.

Alifika dakika tano kabla ya saa, na pai ya pichi. Alikula pilau mara mbili, akaomba aonyeshwe kachumbari inavyokatwa nyembamba, na mtoto wangu akamfundisha kusema "starehe" kwa matamshi ya Tanga. Alipoaga, akiwa kizingitini na bakuli la pilau la kumpelekea binti yake, alisema zamu ijayo ni kwake, Jumapili tarehe 22, saa saba. Mume wangu alikuwa ameshachukua kalamu na kuiandika kwenye kalenda ya friji kabla mlango haujafungwa.